Siku Tuliyokwenda Kuona Ikulu za Watemi

Biashara ilipofunguliwa nchini, mume wangu alipoteza kazi yake ya mizani. Alikuwa karani wa kununua pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika, mtu wa kuheshimiwa, penseli sikioni, aliyewajua wakulima wote na ng'ombe wao. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, chama kikaanza kuchelewa kuwalipa watu, msimu mmoja ukapita, wa pili ukapita, ghala likafungwa.

Hakukaa barazani kulalamika. Alikwenda Mwanza, akarudi na sabuni, betri za redio na vitenge, akaanza kuzunguka minadani. Alifika Nkololo nilikozaliwa mimi, alifika Shishiyu kwao, na kila wiki alikwenda Maswa, ambako alipata kibanda pale Binza. Mimi nilikuwa fundi cherehani sokoni Bariadi. Mitumba ilikuwa imeshaanza kutunyang'anya wateja. Nilibaki na sare za shule, na suruali za wazungu ambazo vijana waliniletea nizipunguze kiuno.

Ndoa yetu ilikuwa ya kanisani. Tulikuwa tumepata mtoto mmoja, binti, akafariki kwa surua mwaka ambao watoto wengi wa mtaa wetu waliugua. Alikuwa bado hajaweza kulitamka vizuri jina lake mwenyewe. Alilikata katikati, na sisi tukawa tunalikata hivyohivyo tukimwita. Baada yake hakuja mwingine. Nilikwenda hospitali, nikanywa dawa za mitishamba alizoniletea mama kutoka Nkololo, nikasali novena mpaka nikazijua bila kitabu. Shangazi zake mume wangu walisema maneno. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema neno. Kwa hilo nilimpenda kuliko nilivyompenda siku ya harusi.

Jioni moja alirudi kutoka Maswa akitabasamu, akaniambia nishone gauni langu mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"La nini?" nikauliza.

"Jumamosi tunakwenda kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Hakuna mtu. Kutembea tu, kama wazungu."

Kulikuwa na bwana mmoja mjini aliyekuwa zamani ofisi ya utamaduni ya wilaya. Walipopunguzwa wafanyakazi, na yeye alipunguzwa. Akashirikiana na shemeji yake mwenye gari dogo la abiria, wakawa wanawachukua watalii waliotoka mbugani na kuwaonyesha ikulu za zamani za watemi wa Usukuma, kisha ufuko wa ziwa upande wa Lamadi. Watalii walipokuwa wachache, alitangaza safari kwa wenyeji. Watu walimcheka sokoni. Nani atalipa nauli kwenda kuangalia nyumba iliyobomoka? Mume wangu alilipa, nafasi mbili, za dirishani.

Nilishona gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Nilikaa na cherehani ile nikiimba, na jirani yangu wa meza, aliyekuwa akishona mito, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ninakwenda kutembea. Akacheka, nami nikacheka.

Tuliondoka Bariadi asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya pamba. Tulikuwa watu wa kutosha kujaza viti bila kubanana: walimu wa shule ya msingi, muuguzi na mama yake, katekista wa parokia yetu, na mnunuzi mmoja wa pamba aliyekuja na mkewe mnene, mcheshi. Kiongozi wetu, yule bwana wa utamaduni, alivaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu na alishika fimbo ya kuchungia ng'ombe, ambayo aliitumia kuonyesha kila kitu tulichokipita. "Kulia kwenu, lile bwawa, lilichimbwa enzi za mtemi. Kushoto, pale penye mawe, ndipo walipoombea mvua." Sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tumepita pale miaka yote tukitafuta kuni na maji, hatukujua kama ni mahali pa kuonyeshwa kwa fimbo.

Mume wangu alifungua mfuko, akanipa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyochanganywa na karanga. Alikuwa ameyachemsha mwenyewe alfajiri nilipokuwa naoga. Sikumbuki siku nyingine ambayo alinipikia.

Ikulu ya kwanza ilikuwa juu ya kilima kidogo, umbali mfupi kutoka barabara kuu. Nilitegemea nyasi na udongo. Kumbe ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye baraza ya nguzo za mviringo na bati lililoshika kutu mpaka likawa na rangi ya ng'ombe mwekundu. Nyuma yake palikuwa na ua mpana, na kuzunguka ua ule palikuwa na misingi ya nyumba ndogondogo, nyingine zimebaki kuta, nyingine ni alama tu ardhini.

"Hizi," alisema kiongozi, "ni nyumba za wake wa mtemi. Kila mke na mlango wake, kila mke na jiko lake. Milango yote inatazama hapa katikati, ili mtemi akisimama hapa, awaone wote."

"Na wao wote wamwone yeye amesimama mlango gani!" alisema mke wa mnunuzi wa pamba, tukacheka gari zima.

Nyumba moja ilikuwa bado na paa. Akatoka bibi mmoja, mrefu, kanga mbili, kichwa kimenyolewa. Kiongozi alipiga magoti mbele yake na kumwamkia kwa Kisukuma, nasi tukafuata. "Wangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Alikuwa mjane wa mtemi, wa mwisho aliyebaki. Utemi ulipofutwa baada ya uhuru, wenzake waliondoka mmoja mmoja kurudi kwao au kwa watoto wao. Yeye alibaki. Alitaka kwanza tumpe tumbaku ya kunusa, na katekista, kwa mshangao wetu sote, akatoa kikopo mfukoni.

Wengine walikwenda kuangalia ngoma kubwa zilizowekwa chumba cha mbele. Mume wangu hakwenda. Alichuchumaa mbele ya bibi yule akaanza kumwuliza maswali. Nilikaa karibu yao kwenye jiwe.

"Mayu, mlikuwa mnaishije hapa wote pamoja?"

"Tulikuwa tunaishi."

"Hamkugombana?"

"Tuligombana. Unadhani tulikuwa mawe?" Alipiga chafya, akafuta pua. "Aliyenitangulia mimi ndiye aliyenifundisha kupika ugali wa watu wengi. Aliyenifuata nilimchukia. Nilimchukia mpaka siku aliyokufa. Alipokufa nikalia kuliko watoto wake."

"Kwa hiyo inawezekana," alisema mume wangu.

"Nini kinachowezekana?"

"Kuishi pamoja. Kwa amani."

Bibi alimtazama, akanitazama na mimi, akamtazama tena yeye. "Huyu ni mkeo?"

"Ndiyo, mayu."

"Mnunulie huyu viatu," alisema. "Visigino vyake vimepasuka."

Nilicheka kwa aibu na kuficha miguu chini ya gauni. Nilidhani mume wangu anauliza kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda habari. Alikuwa hivyo hata kwenye mizani: mkulima hakuondoka bila kuulizwa shamba limekuaje, mke amejifungua nini. Nilimwona amechuchumaa pale, shati lake jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, akimsikiliza bibi kizee kwa adabu, nikajisemea moyoni kwamba nimepata mume.

Tulifika ziwani jua likiwa karibu utosini. Nitasema jambo ambalo watu wa mbali hawaliamini. Nilikuwa mtu mzima, nimezaliwa na kukulia ambako samaki wa ziwa lile waliuzwa kila mnada, na nilikuwa sijawahi kuliona. Watu wa ng'ombe na pamba hawana shughuli na ziwa. Gari lilizunguka kona, matete yakaisha, na mbele yangu hapakuwa na ng'ambo. Nilishika mkono wa mume wangu bila kufikiri. Hakuuondoa. Tulishuka tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo mwanamume wa kwetu miaka ile hakulifanya mbele za watu, na mke wa mnunuzi wa pamba akapiga kigelegele.

Kulikuwa na mchanga mweupe, na mawe makubwa ya mviringo yamepangana kama yamewekwa na mtu. Ndege weusi walikuwa wamekaa juu yake wamefungua mbawa kukausha. Mama mmoja alikuwa akikaanga sangara. Mume wangu akaninunulia kipande kinene kilichofungwa kwenye gazeti, kisha akaenda kwenye kibanda cha karibu, akarudi na kandambili nyekundu. "Bibi ameagiza," alisema. Akapiga goti kwenye mchanga, akachota maji kwa viganja, akaniosha miguu, akanivalisha.

Wenzetu walikuwa mbali kidogo, wanakula. Tulikaa juu ya jiwe. Maji yalikuwa yanafika na kurudi miguuni petu. Nilimwambia ningependa kufia mahali kama pale. Akasema nisitaje kufa. Nilipomtazama nikaona shingo yake imelowa jasho, ingawa upepo ulikuwepo.

"Mayu, nina neno."

"Sema."

"Usikasirike."

"Kwani nini?"

"Kuna mtu, kule Binza."

Sikumwelewa. Nilidhani kibanda kimevunjwa, nilidhani kuna mtu ni mgonjwa. "Mtu gani? Anaumwa?"

"Haumwi. Ana mtoto wangu."

Ziwa liliendelea kufanya vile vile lilivyokuwa likifanya. Nimeshangaa miaka mingi kwa nini swali la kwanza lililonitoka lilikuwa lile na si jingine.

"Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Ameanza kutembea."

"Anaitwa nani?"

Alikuwa anasugua kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kama anafuta wino. Kisha akalitaja jina. Lilikuwa jina la mtoto wetu.

"Nilidhani utafurahi," alisema. "Nilisema, jina lake lisipotee. Nikasema, siku moja mama yake atalisikia likiitwa tena ndani ya nyumba."

Kwetu si ajabu jina la marehemu kupewa mtoto mwingine. Ndivyo wazee wanavyorudi nyumbani. Angelipewa mtoto wa kaka yake ningeshukuru, ningepeleka hata kuku. Lakini jina lile tulilichagua wawili, mimi na yeye, nikiwa na mimba kubwa, tumelala chali kwa sababu ya joto, tukitaja majina na kuyakataa na kucheka. Alilibeba kutoka kwenye kitanda kile akaenda nalo Binza.

Sikulia. Nilisimama nikaingia majini na kandambili zangu mpya. Maji yalifika kwenye pindo la gauni, yakapita magotini, kitenge kikawa kizito. Nyuma yangu kiongozi alipiga kelele, "Mama, rudi, kuna viboko huko! Na kichocho pia!" Kandambili moja ilivuka mguuni ikaelea. Mume wangu aliikimbilia, amekunja suruali, akaikamata, akasimama ameishika mkononi, maji yanamchuruzika, asijue anipe au asinipe.

Niliporudi mchangani alianza kusema haraka haraka. Alisema mwanamke yule ni mtu mzuri, anauza nafaka, ananiheshimu bila kunijua. Alisema hataki kunificha tena, ndiyo maana amenileta mahali pazuri aniambie kwa heshima. Alisema tungeweza kuhamia Binza, kila mtu na nyumba yake, ua mmoja. "Umemsikia bibi asubuhi," alisema. "Waliishi."

"Na kanisa?" nikauliza.

Hapo kiongozi akatuita tupige picha. Alikuwa na mpiga picha wake kutoka Lamadi, kijana mwenye kamera ya kuning'inia shingoni. "Wanandoa wetu, njooni katikati! Mzee, mshike mama bega!" Alinishika bega. Tulisimama mbele ya ziwa, gauni langu limelowa mpaka mapajani, na mke wa mnunuzi wa pamba akatuambia tutabasamu, sisi ndio tuliomkumbusha ujana wake.

Nilidhani safari imekwisha. Ilikuwa imebaki ikulu nyingine, ya upande wa Nassa, iliyojengwa mahali ambapo mtemi aliweza kuona ziwa akiwa kitandani. Ndivyo alivyosema kiongozi. Ilibidi nishuke na wengine, nizunguke na wengine. Chumba cha mtemi kilikuwa na dirisha kubwa lisilo na kioo na popo darini. Pembeni yake palikuwa na chumba cha mke mkubwa. Kilikuwa kidogo, lakini sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa, nyekundu, na ilikuwa bado inang'aa mahali ambapo kitanda kilizuia watu kukanyaga. Niliitazama sakafu ile kwa muda mrefu. Wengine walikwisha kutoka.

Nje, kiongozi aliuliza kama kuna mwenye swali. Nilisikia sauti yangu.

"Mtemi alipotaka kuoa mwingine, mke mkubwa alikuwa anaulizwa?"

"Swali zuri, mama." Aliiweka fimbo begani. "Alikuwa anajulishwa. Tena ilikuwa lazima ajulishwe, ni heshima yake."

"Kujulishwa si kuulizwa."

"Ni kweli," alisema, akacheka kidogo akitegemea wengine wacheke. Muuguzi peke yake ndiye aliyekuwa akinitazama, na hakucheka. Wakati wa kurudi alimhamisha mama yake, akaja kukaa kiti cha pembeni yangu, na mume wangu akaenda kukaa nyuma bila kuambiwa. Walimu waliimba nyimbo za mavuno njia nzima. Zilikuwa nyimbo nzuri, na mdomo wangu uliitikia kwa mazoea.

Hatukugombana nyumbani. Nilipika, akala. Siku zilizofuata nilimwambia sitahamia Binza, sitaishi ua mmoja na mtu, na sitamzuia. Alimleta padri, padri akaongea naye zaidi kuliko na mimi. Alimleta kaka yake kutoka Shishiyu, aliyeniambia nina bahati, wanaume wengine wasingesema kitu. Baada ya hapo siku zake za Maswa zikawa mbili kwa wiki, zikawa nne. Alichukua redio, alichukua koti la mvua. Kila mara alichukua kitu kimoja, kidogo, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala. Msimu wa pamba ulipofika alikuwa amehamia, na hakuna siku ninayoweza kuionyesha nikasema siku ile ndiyo aliyoondoka.

Ninachokionea uchungu mpaka leo si uongo wake, maana siku ile hakudanganya. Alinipikia, alinishika mkono, aliniosha miguu. Nimejaribu kuitupa sehemu ya mwisho nibaki na asubuhi, nimeshindwa. Nimejaribu pia kuitupa yote. Hakuna siku nyingine katika ndoa yangu niliyopendwa hadharani kama siku ile, na yote aliyonifanyia alikuwa akinitayarisha.

Miaka ilipita. Mama mzazi wa mume wangu alifariki, nikaenda Shishiyu, kwa sababu mzee yule alikuwa ameniita mwanawe na mimi sikuachika kwake. Tulikuwa wanawake wengi jikoni, tunapepeta mchele wa matanga. Kutoka upande wa kisima nilisikia mwanamke akiita. Aliliita lile jina, lakini alilikata katikati, vile vile tulivyokuwa tukilikata sisi nyumbani. Kumbe alikuwa amelichukua na hilo, mume wangu, akaenda kulifundisha kule.

Nilisimama na ungo mkononi. Mchele ulimwagika. Mtoto alipita mbio mbele yangu, mwembamba, meno ya mbele yameng'oka, hakufanana na wangu hata kidogo. Alipoona mchele chini alisimama, akachuchumaa kuniokotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nikusaidie?"

Nilimwambia asaidie. Tuliokota punje moja moja, akawa ananieleza habari za shule na za mbuzi wa bibi, maneno mengi, na mimi nikiitikia. Mchana ule, watu walipokwenda makaburini kutengeneza kaburi, nilikaa kwenye mkeka nimeegemea ukuta. Alikuja akakaa, akajilaza, akaweka kichwa chake kwenye paja langu bila kuuliza, kama watoto wanavyofanya kwa mtu mzima yeyote msibani, na akalala.

Mama yake alitokea mlangoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa karibu. Alikuwa amechoka, ana unga mikononi, na alisimama mbali.

"Dada," alisema, "samahani. Naomba nimchukue, anakusumbua."

"Mwache," nikamwambia. "Amelala."

Alisita. Kisha akaketi chini pale pale kizingitini, akaanza kuchambua maharage. Sikumgusa mtoto kichwani. Nilikaa hivyo mpaka mguu wangu ukafa ganzi, halafu nikamwita mama yake aje amwinue.